Mbeyu na Nakshi za Karatasi

Mbeyu wa Charo alikaa juu yangu kwa miaka mingi, katika orofa ya nyumba ya Bi Nana, nyuma ya Ngome ya Yesu, pale vichochoro vinapobana hata watu wawili wenye vikapu hawawezi kupishana bila kusalimiana. Mimi nilikuwa chini na cherehani yangu, nikishona mabuibui na sare za shule. Yeye alikuwa juu na karatasi zake. Alasiri, watu wakishakula na kujilaza, nilikuwa nikiusikia mkasi wake kupitia boriti za dari. Ulikata kidogo, ukanyamaza kitambo kirefu, ukakata tena. Sauti ile ilinilaza usingizi juu ya vitambaa vya watu, na wateja wangu wengine walivaa nguo zenye alama ya shavu langu.

Kazi yake ilikuwa kukata nakshi. Palipokuwa na harusi, yeye ndiye aliyetengeneza pazia la karatasi linalotundikwa nyuma ya bibi arusi siku ya kupamba, wanawake wanapokusanyika kumtazama amekaa jukwaani na hina yake. Maulidi yakikaribia, alikata bendera na minyororo ya kupitisha juu ya vichochoro. Desemba alilikatia kanisa lake nyota, maana yeye alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo, na mtaani hakuna aliyeona ajabu. Karatasi laini za shashi alizinunua kwa Wahindi wa Mtaa wa Biashara. Zile nzito aliletewa na mwanawe Sammy, aliyekuwa karani katika ghala moja la Shimanzi.

Hakuchora kitu kabla ya kukata. Alisema nakshi zinamjia katika usingizi wa mchana, pale mtu anapokuwa hajalala wala hayuko macho. Huona maua na majani, na mashina yaliyosukana kama yale ya kwenye milango ya zamani, yote meupe, yakielea mbele yake bila haraka. Akiamka hukaa kimya asije akayamwaga. Huikunja karatasi, akaikunja tena, akakata, kisha akaifungua polepole, na sisi tuliokuwapo tuliliona ua likichanua upande huu na upande ule kwa pamoja. Chumba kizima kilikuwa kama kimezuia pumzi. Nilimpenda sana nyakati hizo, kwa sababu nyakati nyingine, niseme kweli, alikuwa mkali na mwenye maneno.

Ukali wake ulikuwa juu ya vifaa. Siku ya kwanza nilipopanda kwake kuazima mkasi, aliniuliza, "Wakata karatasi ama kitambaa?"

"Kitambaa."

"Basi tumia wako. Huu ni wa karatasi, na wako usiutie karatasi hata siku moja. Karatasi huula mkasi makali. Ukiwa butu utausukuma kwa nguvu, na hiyo nguvu ndiyo ikatayo watu."

Mimi fundi, nimeshona tangu sijaolewa, nafundishwa habari za mkasi na mtu wa karatasi. Nilinuna. Lakini alinimiminia kahawa, nikakaa, na tangu siku hiyo nikawa napanda kila nilipochoka na cherehani.

Vifaa vyake vilikaa juu ya sinia ya shaba, vimelala sambamba, mipini yote ikimwelekea yeye. Palikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia urefu, na mkasi mdogo wa ncha kwa ajili ya nakshi. Ule mdogo hakuuzungusha kamwe; mkasi ulitulia mahali pamoja na karatasi ndiyo iliyozunguka ndani yake. Palikuwa na wembe aliouvika mpini wa mti. Huo aliupitisha juu ya ubao wa mvule kwa wepesi, mara ya kwanza kana kwamba anaweka alama tu, kisha akarudia, akarudia, hadi karatasi ikaachana yenyewe. Wembe ulikwenda kando ya mwili, haukuelekea tumbo wala mkono uliozuia. Rula yake ilikuwa ya chuma. Ya plastiki aliikataa, akasema wembe hupanda juu yake ukaja kidoleni, na vidole vyenyewe alivirudisha nyuma ya ukingo wa rula kama watoto waliokatazwa barabara.

Mikunjo aliikazia kwa mfupa wa ubavu wa ng'ombe, uliosuguliwa hadi ukateleza. Matundu aliyatoboa kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea mikeka, juu ya kipande cha ndara kuukuu, na akimaliza aliichomeka ncha yake katika kizibo. Wembe uliokwisha makali aliutia katika kopo la kahawa lenye kifuniko, maana alisema mzoa taka naye ana mikono. Gundi aliipika kwa unga wa ngano, akatia chembe ya mrututu, ile sumu ya buluu, ili wadudu wasiile, na baada ya hapo ole wako uguse maandazi kabla ya kunawa. Nilimtania kwamba nyumba yake ina sheria kuliko bandari. Alinijibu kwamba bandarini watu hukatika vidole, kwake bado.

Sijui macho yake yalianza lini. Nadhani yalianza kwa taa. Alilalamika kwamba balbu za siku hizi hazina nguvu. Kisha akagombana na Mhindi wake, akadai shashi anazomuuzia si nyeupe tena, zimekuwa rangi ya maziwa yaliyolala. Halafu asubuhi moja akapita mlangoni kwangu, akakisalimu kile kiwiliwili cha mti ninachotundikia mabuibui. "Sabalkheri, mama," akasema, akasimama kungoja jibu. Sikucheka. Nilikohoa kidogo, nikamjibu mimi.

Alikuwa na mtoto wa jicho, jicho la kulia na la kushoto. Ulimwengu ulimwingilia ukungu pole pole, mwaka hadi mwaka, na yeye akaufuata ndani ya ukungu huo bila kumwambia mtu. Sheria za sinia zikazidi. Mkeka usisogezwe hata shubiri. Sinia iwe pale pale, mipini vile vile, wa kwanza mkasi mkubwa, wa mwisho shazia. Wageni walimwona mama wa visirani. Sisi tuliokaa naye tulijua kwamba sheria zile ndizo zilizokuwa macho yake.

Nazo nakshi zikaanza kupinda. Petali moja nene, ya pili nyembamba. Shina limekatika katikati, likagandishwa kwa gundi, likakaa upande. Akitukatia tulipokea, tukashukuru, tukatundika. Yeye hakujua kwamba tunajua, nasi hatukujua tuanzie wapi kumwambia.

Sababu ya kuficha ilikuwa Sammy. Mwana huyo alimpenda mamake, hilo sina shaka nalo, lakini alimpenda kwa kumwogopea. Siku moja alimkuta ananoa wembe, akasema mbele yangu, "Mama, siku utakayojikata ndiyo siku ya kuhama. Utakuja kukaa nasi Mikindani, na hiyo mikasi yako nitaitia baharini." Mbeyu alicheka, akamwambia aende kazini. Alipokwisha kushuka ngazi, kicheko kilimwisha usoni.

"Nikihama hapa," aliniambia, "nitalala na nitaota, maana ndoto hazihitaji ruhusa ya Sammy. Lakini nikiamka sina pa kuziweka."

Nilimwambia tu kwamba vidole vyake bado vyote vipo.

Ikaja harusi ya mjukuu wa Bi Nana, mwenye nyumba wetu. Wiki ya kupamba, chumba cha Mbeyu kilijaa weupe. Pazia lilikuwa nusu, limelala sakafuni pande kwa pande, na upepo wa kusi ukiingia dirishani liliinuka kidogo likatua, likainuka likatua, kana kwamba sakafu inapumua. Kate, mkewe Sammy, alikuja kusaidia. Huyo ni mzaliwa wa bara, Voi, mtoto wa watu aliyelelewa. Hawezi kukaa akimtazama mavyaa wake anafanya kazi. Mbeyu aliposhuka kwa Bi Nana kuulizia urefu wa jukwaa, Kate alifagia. Alivisafisha vifaa kimoja kimoja, akavifuta kwa mafuta, akaisugua sinia hadi ikang'aa, akavipanga upya kwa mpango ule ule aliovikuta. Kisha akaona mama anakaa penye giza, na dirishani pana mwanga wa bure. Akauvuta mkeka hadi dirishani, akaibeba sinia akaiweka mbele yake.

Alikosea jambo moja tu. Katika kuibeba, sinia iligeuka. Mipini ikaelekea dirishani, na makali yakaelekea pale atakapokaa Mbeyu.

"Mama, nimekusogezea penye mwanga," Kate alimwambia aliporudi, akamshika mkono akamwongoza.

Mbeyu alisita kidogo. Nilikuwapo, nimekaa ngazini na sindano yangu, nami niliona kule kusita lakini sinia sikuiona. Angeweza kupapasa. Angeweza kusema, ngoja kwanza. Lakini huyu alikuwa mke wa Sammy, na papaso moja lingefika Mikindani kabla ya jua kuchwa. Basi akakaa kwa madaha kama mtu anayeona, akamshukuru mkazamwana wake, akanyoosha mkono kwa wepesi mahali ambapo mpini wa wembe ulikuwa umelala miaka yote.

Wembe ulimwingia kiganjani, chini ya kidole gumba.

Alisema tu, "Kate, mwanangu, hebu niletee maji," na kwa mkono wa pili akajaribu kuziondoa karatasi zisichafuke. Alizivuta. Alizivuta kuelekea kwenye damu, zikalowa mbele ya macho yake, naye akaendelea kuzivuta.

Niliruka pale ngazini. Nilimfunga kiganja kwa kitambaa safi cha buibui la mtu, nikakikandamiza kwa nguvu, nikamwinulia mkono juu ya kichwa na kuushikilia hapo. Kate alikuwa amepiga magoti mbele yake, ametulia sana. Alikuwa akimtazama usoni.

"Mama," aliuliza taratibu, "leo nimevaa nguo ya rangi gani?"

Kusi lilipita tena juu ya pazia. "Umevaa nguo nzuri," Mbeyu akasema.

Kate akalia. Mbeyu naye machozi yalimtoka, mimi pia, na katikati ya kilio hicho nilijua kwamba mambo ya Mbeyu hapa mjini yamekwisha. Pazia tulilimalizia sisi wanawake, yeye ameketi na mkono ulioshonwa hospitalini, akituelekeza kwa ukali wake wote. Bibi arusi alikaa mbele yake akapendeza.

Sammy alikuja na uso wa mtu ambaye neno lake limetimia na hakulifurahia. Alitaka kumchukua siku hiyo hiyo. Bi Nana alimsimamisha mlangoni. Bibi yule alikuwa mnene na mpole, na akisimama mlangoni hapapitiki.

"Sammy, mwanangu," alimwambia, "mpeleke kwa daktari wa mato kwanza. Akisha kuona, mchukue. Huwezi kumhamisha mtu haoni aendako."

Sammy akainama, akakubali. Walikwenda kwa daktari; jicho moja likapasuliwa, likapona, likapasuliwa la pili. Muda wote huo Mbeyu alikaa Mikindani kwa Kate, na dari yangu ikawa kimya. Nilishona kwa shida. Mchana nilijilaza nikakosa usingizi, nikabaki kuzitazama boriti.

Siku aliyorudi, alirudi na Sammy ndani ya lori dogo aliloliomba kazini kwake, kuja kuchukua vitu. Kichochoro hakiliruhusu, likabaki kule barabarani. Mbeyu alikuja kwa miguu, amevaa miwani minene iliyomfanya macho yawe makubwa kama ya samaki wa vilindini. Kabla hawajatoka Mikindani, Kate aliniambia baadaye, alikuwa ameapa kwamba hahami. Macho anayo sasa, na anayeona hana haja ya kuhama. Alikuwa amejiandaa kugombana.

Aliingia kwangu kwanza. Alinitazama, akaniambia nimenenepa. Akatazama ukutani.

Kwenye ukuta wangu lilikuwapo ua la karatasi ndani ya fremu ya kioo. Alilisogelea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akakifuta kwa kanga. Alilitazama sana. Niliona macho yake yakishuka na shina, yakafika pale lilipokatika, yakasimama.

"Nani kakata hili?" akauliza.

Nilijifanya natafuta uzi.

"Nakuuliza, nani kakata hili?"

"Wewe," nikamwambia.

Alipanda juu kuzitazama nakshi alizoziacha huko. Alipokuja kushuka hakuwa yule aliyepanda. Alimwambia Sammy apakie kila kitu, mikasi pia, na akitaka kuitia baharini aitie. Akachukua kikapu, akaingia nyumba hadi nyumba kudai kazi zake zote zilizopinda, ili azichane mwenyewe kabla ya kuondoka. Watu walitoa, nani angekuwa na uso wa kukataa. Na mimi nilitoa langu. Alilitia kikapuni bila kunitazama, na maneno aliyoyasema yaliniuma kuliko matusi. "Nilidhani nawapamba," alisema, "kumbe mlikuwa mnanibeba."

Wa mwisho alikuwa Bi Nana, chumbani kwake kule nyuma ya nyumba yetu. Nilimfuata, sikuweza kukaa.

Bi Nana alikuwa amekaa kitandani kwake, miguu imevimba, tasbihi mkononi. Nyuma yake ukuta ulijaa maua ya Mbeyu. Ya zamani yalikuwa yamenyooka, hayana kasoro. Kadiri yalivyokuja upande wa mlangoni yalipinda, yakazidi kupinda.

"Ndoo, kaa kwanza," Bi Nana alimwambia, akimpungia mkono asogee.

"Sikai, mama. Naomba unirudishie maua yangu."

"Yapi?"

"Haya." Mbeyu aliyaonyesha yale ya mlangoni. "Yaliyopinda."

"Hayo siyatoi. Wataka, chukua yale yaliyonyoka."

"Mlinihurumia miaka yote hiyo, mama. Wewe unaona, ukayatundika, ukanisifu."

"Nilikuhurumia, ndiyo. Si haramu." Bi Nana aliiweka tasbihi juu ya mto. "Sasa nisikize na mimi. Ulipokuwa waona, kazi ikiisha ulikuwa waileta waiweka pale mezani, huyo, umekwenda zako. Hata kahawa hunywi, una mikato yako. Mato yalipofunga, hukujua meza iko wapi. Ukawa waja hadi hapa nilipo, watafuta mikono yangu, waniwekea ua ndani yake, wakaa umenishika hadi nikwambie ni zuri. Mume wangu amekufa, wanangu wako Arabuni. Miaka ile hapana mtu aliyenishika mikono ila weye. Ningelikwambia limepinda, ungelirudi kuniwekea mezani."

Mbeyu alisimama na kikapu chake. Nje, kule barabarani, lori lilipiga honi, likapiga tena.

Aliitazama mikono ya Bi Nana. Alikuwa hajaiona kwa miaka, nayo ilikuwa imezeeka sana, imejaa mishipa, hina imebaki kwenye kucha tu. Akaweka kikapu chini, akakaa kitandani, akaichukua mikono ile akaiweka juu ya mapaja yake.

"Nenda kamwambie Sammy ashushe mkeka wangu lorini, aurudishe juu," akaniambia.

Nikaenda kumwambia.